Sauti Nyuma ya Ukuta wa Kavetsa

Fundi Zamzam hakuigusa laptopu mara moja. Alipangusa meza kwa kitambaa, akavuta taa karibu, ndipo akauliza, "Nani wa mwisho kuitumia?"

Inspekta Syombua Muia alimtazama Nereah Okeyo. Nereah alitazama viatu vyake.

Swali lilikuwa jepesi. Wa mwisho kuitumia alikuwa kaka yake Nereah, Chris Okeyo, aliyeokotwa Ijumaa asubuhi akiwa amevunjika shingo, chini ya ngazi za nyuma za jengo alilokuwa akiishi kule Kabiro, mtaani Kawangware. Lakini leo ilikuwa Jumatano. Polisi walikuwa wameirudisha laptopu kwa familia Jumamosi kwa sababu hawakuiona kuwa na maana, na tangu hapo ilikuwa imekaa chumbani kwa Nereah hapa Makina. Siku nne. Katika siku nne mengi hufanyika.

"Niliifungua jana," Nereah alisema. "Nilitaka tu kumsikia. Kazi yake ilikuwa kurekodi matangazo, ya matanga, ya makanisa, iko na sauti yake mingi huko ndani. Nikabonyeza moja, nikabonyeza ingine. Kimya. Nikaongeza volume mpaka mwisho. Bado kimya."

"Na nani mwingine aliigusa?"

"Hakuna, afande."

"Hata kuomba kuiona?"

Nereah alifikiri. "Mwanzia alikuja Jumapili kutupa pole. Akauliza iko wapi. Akasema nimpatie aende aitengeneze. Nikamwambia angoje kwanza tuzike."

Kalamu ya Syombua ilisimama. "Aitengeneze nini? Jumapili ulikuwa umejua imeharibika?"

"Hapana," Nereah alisema polepole. "Nilijua jana."

Syombua aliandika maneno hayo kama yalivyo na kuyapigia mstari. Jina la Mwanzia alilijua kutoka kwenye faili. Ndiye aliyekuwa mshirika wa Chris kazini: Chris alitoa sauti, Mwanzia akatoa spika na mahema. Ndiye pia aliyeukuta mwili. Siku ya kwanza tu jina lake lilifutwa kwenye orodha ya washukiwa, kwa sababu Alhamisi aliondoka Kabiro kabla ya saa kumi na moja jioni, na kuanzia saa kumi na mbili alikuwa hapa Makina akifunga spika za harusi mbele ya macho ya watu arobaini. Na Chris alikuwa hai mpaka saa moja. Jirani yake, Kavetsa, alimsikia kupitia ukuta.

Aliyebaki kwenye orodha alikuwa Wakoli, mume wa huyo huyo Kavetsa. Alhamisi jioni alitoka kazi yake ya ujenzi amechoka, akakuta kelele, akaenda kuugonga mlango wa Chris huku akipaza sauti kwamba leo atammaliza. Wapangaji watatu walimsikia. Punde sauti ya Chris ikakatika, na hakuna aliyemsikia tena. Wakoli alikuwa seli tangu Ijumaa. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la mauaji.

Mkubwa wa Syombua alishaifunga kesi hiyo kichwani. Syombua mwenyewe alikaribia kuifunga, mpaka Nereah alipopiga simu jana jioni kulalamika kwamba polisi wamemharibia laptopu ya marehemu.

"Sasa afande," Zamzam alisema, "unataka sauti irudi, au unataka kujua imeenda wapi?"

"Imeenda wapi. Na usibadilishe kitu kabla sijakiona."

Zamzam aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Makina, na duka lake la kutengeneza kompyuta lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka msikitini. Syombua alimchagua kwa sababu hakuwa na ukoo wala urafiki na mtu yeyote kwenye faili. Ndivyo alivyodhani.

Nereah alitaja neno la siri na laptopu ikafunguka. Zamzam alianza mbali. Alichukua faili moja la sauti, akalinakili kwenye simu yake, akalicheza hapo. Sauti ya Chris ikajaa dukani, nzito, ya pole, ikitangaza ibada ya kumuaga mzee fulani. Nereah aliziba mdomo kwa mkono.

"Faili ni zima," Zamzam alisema, akaizima haraka. "Basi ugonjwa uko kwa mashine. Wengi wenye mfumo wa Linux huniletea hivi baada ya update. Mtu analala iko na sauti, anaamka kadi ya sauti haionekani." Alifungua dirisha jeusi la maandishi, vidole vikaenda mbio. "Huyu update yake ya mwisho ni wiki tatu zilizopita. Na kadi inaonekana, hii hapa. Haijafichwa."

"Mtu hajaifunga makusudi?"

"Naangalia." Mistari ya kijani ilisimama kwenye skrini kama mirija, yote imejaa. "Hakuna palipozimwa. Programu inayosukuma sauti iko kazini, haijakufa. Mashine inaamini inaimba, afande. Inaimba sasa hivi."

"Inamwimbia nani?"

Zamzam alikuwa amefungua orodha nyingine, ile inayoonyesha sauti inatokea wapi, na alikuwa ameinamia skrini.

"Ona hapa. Spika za ndani: hazipatikani. Earphone: imechomekwa." Aligeuza laptopu ubavu. Tundu la earphone lilikuwa wazi, halina waya. "Lakini hakuna kitu kimechomekwa."

Watu watatu walilitazama lile tundu dogo. Zamzam alichukua tochi, akaliwekea jicho.

"Kuna kitu ndani."

"Usikitoe," Syombua alisema. Alipiga picha tatu kwa simu, moja ikionyesha tarehe na saa. Alimwita mwenye duka la jirani, Wainaina, muuza vioo, aje asimame ashuhudie. Ndipo akasema, "Haya."

Zamzam alichomoa mrija wa kalamu ya wino, akaupaka tone la gundi kali kwenye ncha, akausukuma ndani ya tundu taratibu. Alihesabu kimoyomoyo. Alipovuta, kitu kilishuka juu ya kitambaa cheupe: ncha ya chuma, ndogo kuliko punje ya mchele, yenye pete nyeusi shingoni.

"Pini imevunjikia ndani," alisema. "Hii ncha ikibaki hapo, mashine haiwezi kujua waya umetolewa. Inaendelea kutuma sauti kwa tundu. Spika za ndani zinakuwa maiti." Alimtazama Nereah. "Samahani, mwanangu."

Syombua aliitia ncha kwenye bahasha ndogo, wote wakaweka sahihi. Moyo wake ulikuwa umeanza kwenda kasi, na yeye hakuuamini moyo ukienda kasi. Huenda ni jambo dogo. Huenda earphone za Chris zilivunjika.

"Vitu vyake vingine viko wapi?"

Nereah alikuwa navyo kwenye mfuko uleule aliokabidhiwa na polisi: chaja, daftari, funguo, earphone moja nyeusi. Zamzam aliikagua pini yake kwenye mwanga. Ilikuwa nzima, inang'aa.

"Alikuwa na waya mwingine? Spika?" Syombua aliuliza.

"Hakuwa na spika," Nereah alisema. "Spika zote ni za Mwanzia."

"Mwanzia gani?" Zamzam aliinua kichwa. "Yule Mkamba wa Kawangware, wa mahema? Alhamisi si alikuwa kwetu, kwa harusi ya mtoto wa dada yangu! Na alituudhi. Tulikubaliana spika mbili, kubwa ya wanaume huku nje, na ile ndogo ya wanawake chumbani. Akaja na kubwa peke yake. Ati ndogo imebaki kwa chaji. Tukakaa bila muziki mpaka dada yangu akalia."

Syombua aligeuka polepole. "Umemjua Mwanzia, na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulinipa laptopu, hukunipa majina."

Ilikuwa kweli, na haikumpendeza Syombua. Shahidi wake wa kiufundi sasa alikuwa shahidi wa pande mbili. Aliandika jina la Zamzam kwenye ukurasa mpya na kuweka alama ya kuuliza mbele yake. Kisha akasema, "Hiyo mashine inaweza kusema pini iliingia lini?"

"Kuna faili ndogo inayokumbuka njia ya sauti. Njia ikibadilika, inaandikwa upya." Zamzam alitafuta, akasoma. "Alhamisi. Saa kumi na dakika thelathini na nane jioni. Tangu hapo haijabadilika hata mara moja."

"Saa ya laptopu ni sahihi?"

Zamzam aliilinganisha na simu. "Sawasawa."

"Mtu anaweza kughushi hiyo tarehe?"

"Anayejua, ndiyo."

Wote wawili wakamtazama Nereah. "Mimi?" Nereah alisema. "Mimi hata kuiwasha nilihangaika, afande. Na ningefanya hivyo nimsaidie Wakoli? Yule mnaniambia ndiye amemuua ndugu yangu?"

Syombua aliona jibu lina uzito, lakini hakulifuta jina la Nereah. "Angalia ni faili gani lilichezwa baada ya hapo."

Orodha ya vilivyofunguliwa karibuni ilikuwa fupi. Jana, mafaili matatu ya Nereah. Kabla ya hayo, Alhamisi, saa kumi na dakika arobaini na moja: faili moja lililoitwa "mazoezi-jumamosi". Urefu wake saa mbili na dakika kumi na tisa.

Syombua alijumlisha kwa kalamu. Akajumlisha tena. Faili lililoanza saa kumi na dakika arobaini na moja lingekwisha saa moja kamili.

Saa moja kamili ndipo Chris "aliponyamaza".

"Nakili hilo kwenye simu yangu," alisema. "Na hati ya maelezo yako naihitaji leo, Zamzam. Neno kwa neno."

*

Jengo la Kabiro lilikuwa na ghorofa nne, na korido zake nyembamba zilijaa nguo zilizoanikwa. Ngazi za nyuma zilipanda mpaka palipokuwa na tanki la maji zamani. Tangu tanki lihamishwe hakuna aliyezipita, na Syombua alizipanda mwenyewe tena, akihesabu hatua kutoka mlango wa Chris: kumi na moja. Mtu akianguka huko saa kumi na nusu jioni angeweza kulala mpaka asubuhi bila kuonwa. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye faili tangu mwanzo, lakini hakuna aliyelihitaji.

Alifungua chumba cha Chris kwa ufunguo aliopewa na Nereah. Meza ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa Kavetsa. Juu yake, palipokuwa na laptopu, hapakuwa na vumbi. Na pembeni, kando kabisa ya ukuta, palikuwa na mahali pengine pasipo na vumbi, pa mviringo, upana wa sufuria ndogo. Orodha ya vitu vilivyokutwa chumbani haikutaja kitu chochote cha mviringo. Alipiga picha.

Kavetsa alikuwa koridoni akifua. Hakusimama alipomwona.

"Mlisema niseme ukweli," alisema huku akisugua. "Nikasema. Mkamchukua bwanangu. Sasa umekuja uchukue nani?"

"Nimekuja unieleze tena, mama. Kama vile hujawahi kunieleza."

"Kesho anasomewa. Nikibadilisha maneno leo, mtasema namtetea."

"Usibadilishe hata moja."

Kavetsa alikamua shati la kazi lenye madoa ya saruji, akalitundika, akajipangusa mikono. Alikuwa mwanamke wa kunyooka, mwenye macho yaliyokosa usingizi.

"Nilirudi hapa saa kumi na moja kasorobo. Chris alikuwa anarekodi. Anasema maneno, anakosea, anasema tena. Siku hiyo sauti yake ilikuwa juu sana, kama ako hapa kwangu. Nilitaka kugonga ukuta, nikaacha. Akaendelea hivyo tu. Wakoli akaingia kama saa moja kasoro dakika kumi, kichwa kinamuuma, akaenda kugonga. Sikutaka aende. Akapiga kelele, hakufunguliwa, akarudi. Tukiwa tunakula, Chris akanyamaza. Hiyo ndio nilisema. Hiyo ndio nasema."

"Wakoli alikuwa wapi Chris aliponyamaza?"

"Hapo." Alionyesha kwa kidevu kitanda kinachoonekana mlangoni. "Na sahani. Lakini mimi ni bibi yake, nani atanisikiza?"

Syombua alilijua hilo swali, maana ni yeye aliyeandika Ijumaa: *mke, hawezi kutegemewa kwa hilo*. Alikuwa amemwamini mwanamke huyu kwa nusu iliyomfunga mumewe na kumkataa kwa nusu iliyomfungua.

"Jioni yote hiyo Chris alikuwa peke yake?"

Aliuliza kama mtu anayepitisha muda. Kavetsa alijibu vivyo hivyo.

"Na Mwanzia."

Syombua hakuinua macho kwenye daftari. "Mwanzia saa ngapi?"

"Ah, nilikuwa nasonga ugali. Husonga saa kumi na mbili na nusu ndio Wakoli akifika akute tayari. Mwiko ulikuwa mkononi. Nikamsikia anamwambia, 'Rudia hapo, umemeza jina.' Kila siku humwambia hivyo, anamsumbua kama mwalimu."

"Una hakika ni Alhamisi?"

"Ijumaa alikuwa amekufa. Jumatano mimi nililala kwa dada yangu Kangemi. Itakuwa siku gani ingine?"

"Mbona hukutaja Mwanzia siku ile?"

"Mliniuliza kama Chris alikuwa hai. Hamkuniuliza alikuwa na nani."

Syombua aliandika yote, akamsomea, akamwachia kalamu. Kavetsa alitia sahihi na saa. Ni baada ya hapo tu, karatasi ikiwa imekwisha kuingia kwenye faili, Syombua alipotoa simu. Alilisukuma lile faili la Chris mpaka dakika ya mia moja na tisa, iliyoangukia saa kumi na mbili na nusu, akaiweka simu juu ya ukingo wa karai.

Sauti ya Chris ilitangaza jina la marehemu na mahali pa kukutana. Kikohozi kikafuata. Kisha sauti ya pili, kavu, ya mtu aliyekaa mbali na maiki: *Rudia hapo, Okeyo. Umemeza jina.*

Kavetsa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ni hiyo," alinong'ona. "Ni hiyo hiyo. Lakini... hiyo si ni rekodi?"

"Ni rekodi ya Jumamosi ya wiki iliyotangulia."

Ilimchukua muda. Syombua alimwona akiifuata njia hatua kwa hatua, ukuta, spika, mlango, mume wake, mpaka akafika. Kavetsa alikaa chini koridoni, kwenye maji ya sabuni, bila kujali.

*

Hakimu alitia sahihi hati ya upekuzi saa nane mchana. Saa tisa Syombua alikuwa ndani ya stoo ya Mwanzia, kwenye kichochoro nyuma ya soko la Kawangware, na makonstebo wawili nje. Mahema yalikuwa yamekunjwa mpaka darini, viti vya plastiki vimepangwa kama minara. Mwanzia mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini, shati limepigwa pasi, miwani imefungwa kwa uzi.

Alimsalimia kwa Kikamba, kwa furaha, akimwita mtoto wa nyumbani. Syombua alijibu kwa Kiswahili.

"Pole kwa msiba, bwana Mwanzia. Sitakuchelewesha. Laptopu ya Chris haina sauti, na dada yake anasema ulijitolea kuitengeneza."

"Nilijitolea, ndiyo. Hizo Linux zake zilikuwa zinamsumbua kila siku. Nilimwambia mara ngapi aweke Windows kama watu wengine."

"Ulijuaje Jumapili kwamba imeharibika?"

"Nereah aliniambia."

"Nereah aliifungua Jumanne."

Mwanzia alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Basi Chris mwenyewe. Aliniambia kitambo. Madam, mtu akifiwa hawezi kukumbuka kila neno."

"Ni kweli. Naomba kuona ile spika ndogo. Ile ya harusi ya Makina ambayo hukwenda nayo."

Mwanzia aliishusha kutoka rafuni mwenyewe, akaiweka mezani. Ilikuwa ya mviringo, upana wa sufuria ndogo.

"Na waya wake?"

"Hii hutumia Bluetooth."

Syombua aliigeuza. Nyuma palikuwa na tundu la waya, limechakaa kingo zake kwa kuchomekwa miaka mingi. "Laptopu ya Chris ilikuwa na Bluetooth?"

"Sijui."

"Mlifanya kazi pamoja miaka sita."

Syombua alitazama huku na huku. Pembeni mwa meza ya kuchomelea palikuwa na ndoo ya rangi iliyojaa nyaya, zilizokatika, zilizotafunwa na panya, zinazosubiri pini mpya. Fundi wa spika hatupi waya. Alivaa glavu, akakaa juu ya kiti cha plastiki, akaanza kuzitoa moja moja na kuzipanga sakafuni. Mwanzia alisimama akimtazama. Waya wa tisa ulikuwa mweusi, mfupi, na upande mmoja pini yake ilikuwa imekatikia shingoni, haina ncha. Jeraha la chuma lilikuwa bado jeupe, halijashika kutu wala uchafu.

"Hiyo ni ya zamani sana," Mwanzia alisema.

"Maabara itatuambia." Aliutia kwenye bahasha, akaandika saa. Hakuharakisha. "Bwana Mwanzia, Alhamisi saa kumi na mbili na nusu ulikuwa wapi?"

"Makina! Si mmeshawahoji watu wote wa harusi? Arobaini!"

"Wote wanakubali, nami pia nakubali. Shida yangu ni kwamba saa hiyo hiyo kuna mtu aliyekusikia Kabiro."

Akacheza faili. Stoo ilikuwa na mwangwi kidogo kwa sababu ya mahema, na sauti ya Chris ilipotoka kwenye simu ilionekana kutoka kila upande. Mwanzia alisikiliza kama mtu anayesikiliza kazi, kichwa kimeinama upande. Alipojisikia mwenyewe, *Rudia hapo, Okeyo*, mkono wake ulikwenda mbele.

"Zima."

"Hukuisikiliza mpaka mwisho kabla ya kuiwasha. Hukuwa na nafasi. Uliichukua iliyo ndefu kuliko zote."

"Zima hiyo kitu, tafadhali."

Syombua aliizima. Nje mtu alikuwa akinadi viatu, na makonstebo walisikika wakicheka jambo lao. Mwanzia alikaa juu ya rundo la mahema. Aliichukua miwani yake, akaitazama kama si yake.

"Alikuja na barua," alisema. "Redio imemwita. Anaanza Jumatatu. Akanionyesha, anacheka, ati buda, mzee wangu, ona. Nilimtoa sokoni, madam. Alikuwa anapiga kelele za kuuza nyanya. Mimi ndiye nilimfundisha kupumua, mahali pa kusimama, namna ya kutaja jina la mtu aliyekufa. Miaka sita. Nikamuuliza, na mimi? Akasema utapata mwingine."

"Mlikuwa wapi?"

"Pale juu ya ngazi za nyuma. Alikuwa anatafuta mtandao ampigie dada yake simu. Nilimsukuma kifua. Sikutaka aanguke, nilitaka tu anitazame. Nilishuka. Alikuwa amekwisha."

"Ndipo ukarudi chumbani."

"Ndipo nikarudi."

"Na asubuhi, ukaichukua spika kabla ya kutuita."

"Stima ilikuwa imepotea, giza tupu. Nilivuta vibaya." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza Syombua aliona ndani yake kitu kinachofanana na kiburi. "Waya ule ulikuwa mzuri. Sijawahi kuvunja pini kazini."

"Na Wakoli? Siku tano umemwacha mume wa watu akioza ndani."

Mwanzia alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza. "Yeye alijipeleka mlangoni mwenyewe," alisema.

Syombua alisimama na kuwaita makonstebo.

*

Wakoli hakusomewa shtaka. Alhamisi, saa mbili asubuhi, alitoka seli akishika suruali kwa mkono mmoja, na mlinzi wa kaunta akamrudishia mkanda, simu iliyozima na kamba za viatu. Alikaa kwenye benchi kuzifunga. Kavetsa alikuwa amesimama mbele yake tangu saa kumi na mbili, amevaa gauni la kanisani.

Syombua alikuwa nyuma ya kaunta, akijaza kitabu. Alisikia kila kitu bila kutaka.

"Ulisema alikuwa hai mpaka saa moja," Wakoli alisema, kichwa chini.

"Ndiyo."

"Na ulijua mimi ndio nilikuwa kwa huo mlango."

"Nilijua."

"Na ukasema tu."

"Ndicho nilisikia, baba watoto. Nilisema pia ulikuwa unakula. Hiyo hawakuandika."

Kalamu ya Syombua ilibaki hewani. Alingoja mmoja wao amgeukie. Hakuna aliyemgeukia.

Wakoli alimaliza kiatu cha pili, akasimama, akatoka. Kavetsa akamfuata, hatua tatu nyuma, mkoba umebanwa kifuani. Kupitia dirishani Syombua aliwaona wakipita lango, mume mbele, mke nyuma, kama watu wasiojuana. Barabarani magari yalikuwa yakipita mfululizo. Palitokea mwanya, Wakoli hakuvuka. Ukatokea mwingine, bado alisimama pale pale ukingoni, hajageuza shingo, mpaka mke wake alipofika na kusimama ubavuni kwake. Ndipo wakavuka.